Koti Lililomtangulia Daktari

Jumatatu, 23 Juni 1958
Nimechoka, na bado sijaanza. Jumatano ya wiki ijayo majina yetu sisi tunaomaliza yanapelekwa shule kuu ya Astrida, kila jina na masomo yake. Langu liko kwenye uganga. Nililiandika mwenyewe, kwa sababu Faradji wa jirani alikuwa ameandika kilimo na nilitaka kumpita. Bon, nimempita. Shida ni moja: nikiona damu, naanguka.

Kumwambia Baba siwezi. Ameshashona koti! Jeupe, mifuko mitatu. Limetundikwa barazani karibu na cherehani na kila mteja analipapasa. Mtaa mzima unaniita Dogiteri. Leo Mama Saidati amenisimamisha njiani, akafunua kidonda cha mguu: “We Dogiteri, angalia, iko nauma usiku.” Nikatazama kule ziwani. Nikasema kitapona.

Jumatano, 25 Juni
Mpango: kumwambia Baba kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa sioni haya, maneno yanakuwa kama ya mtu mwingine. Nimesema yote, taratibu, akiwa anapiga pasi. Damu, kuanguka, majuto yangu. Ila Baba hajui Kifaransa. Amefurahi mno! Akamwita mteja aje asikilize, nikarudia tangu mwanzo.

Ijumaa, 27 Juni. Idi
Mpango usiohitaji mdomo. Baada ya sala, mbuzi wetu akichinjwa, nisimame mbele kabisa, nianguke, Baba ajionee. Kwisha.

Nimeanguka kisu kikiwa bado kinanolewa. Nikamwangukia Mama Saidati, juu ya mguu uleule. Akapiga ukelele, wote wakamkimbilia yeye. Faradji akasema hajawahi kuona Dogiteri anayemfikia mgonjwa haraka hivyo. Katika vicheko mbuzi akatoroka. Nani kamkamata, huko mtaa wa Nengo? Faradji.

Jioni nimemwambia Baba kwa Kiswahili, nikiangalia miguu yake. Uganga hapana, nataka mifugo. Ng'ombe haulizi maswali wala hakusemi mtaani. Baba akauliza, na ng'ombe, mwanangu, hana damu? Sikuona hilo linahusu nini. Akalitungua koti. Alisema nguo ikishakatwa haitupwi, inageuzwa. Saa hizi limelowekwa kwenye ndoo, linatiwa rangi ya kaki, ya watu wa mifugo.

Jumapili, 29 Juni
Jana nilisimama mlangoni kwa Bwana Direkteri wa shule mpaka kengele ikalia. Sauti haikutoka. Faradji akapita, akaniuliza nina nini, akaingia akanisemea mwenyewe. Nimeandikwa mifugo. Aibu, lakini imekwisha.

Haikuisha. Mama Saidati hana kinyongo, kwa bahati mbaya yangu. Leo amemleta kaka yake, Munyaneza, kutoka Busasamana. Ng'ombe wake ameshindwa kuzaa. Nikasema sijasoma bado. Munyaneza akasema basi nianzie kwake. Tukapanda lori la viazi, kisha miguu, mlima mtupu. Baba alikuwa amenivalisha koti, likiwa bado bichi.

Munyaneza akanipa kamba iliyofungwa miguu ya ndama, nivute. Nikavuta. Kisha nikakosea, nikaangalia.

Nilipofumbua macho alikuwa ananimwagia maji usoni, anasema pole pole, mutoto ya watu. Ng'ombe alikuwa anamlamba ndama. Ndama alisimama kabla yangu.

Jumanne, 1 Julai
Majina yanaondoka kesho. Mwili wote unaniuma, na Faradji akinipita analia kama ndama. Lakini leo darasani nimefikiri vizuri, na jibu lilikuwepo siku zote. Utawala! Hakuna damu, hakuna kwato. Mtu anakaa kwenye kiti, anaamua kesi. Anasimama mbele ya watu elfu, anawahutubia. Wazee wanambishia, anawajibu papo hapo. Kazi ni kusema tu, donc. Sijui kwa nini nilijitesa hivi.

Nimemwambia Baba. Mara hii hakuuliza kitu. Alipumua kwa nguvu, akachukua futi, akanipima tena. Mabega ni yaleyale, alisema, ila kola ataiinua kidogo, maana watu wote watakuwa wananiangalia. Nikakaa chini. Itakuwa ni uchovu wa safari ya Busasamana.

Imebaki kumwambia Direkteri. Mi siwezi, mdomo umekauka tangu asubuhi. Nimemtuma Faradji.