Nani Ataita Mwanahamisi

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu kazaliwa alfajiri. Wa kike, sauti anayo. Mwanangu akaniuliza apewe jina gani. Nikasema mimi sina neno, wachague wapendavyo. Uongo mtupu. Nataka apewe langu. Tangu dada yangu afariki, hakuna kiumbe anayeniita Mwanahamisi. Ni Mama, ni Bibi, basi. Siku nikizikwa nalo litazikwa, na hilo linaniuma.

Mke wa mwanangu aliwahi kusema ni jina la kizee. Yeye analo la kisasa, fupi kama la sabuni.

Jumanne, 4 Machi
Mpango wa kwanza. Nimedarizi jina langu kwenye shuka la mtoto, uzi mwekundu. Refu mno, likapinda kona. Mke wa mwanangu kalisifu sana shuka, kisha kalitandika kinyumenyume, jina lote likaingia chini ya godoro. Sijui ni bahati mbaya au makusudi. Ni makusudi.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango wa pili. Nimemwambia mwanangu kwamba marehemu baba yake kanijia ndotoni, kaagiza mtoto aitwe Mwanahamisi. Mwanangu akalia. Hilo sikulitegemea. Marehemu hajanijia hata mara moja, na huwa namsubiri. Nilitaka kuyarudisha maneno yangu, nikampa leso afute machozi.

Jioni akaja bibi mwenzangu, mama wa mke wake. Naye kaota. Ndoto yake ndefu kuliko yangu, ina hadi malaika. Mwanamke yule hana haya.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshinda! Mwanangu kashikilia ndoto ya baba yake. Mtoto ni Mwanahamisi, imeshaandikwa. Bibi mwenzangu kanywa chai kama anakunywa shubiri. Nikamwongezea sukari.

Jumatano, 12 Machi
Jina halijatamkwa hata mara moja. Mke wa mwanangu anasema hawezi kumtaja mama mkwe, ni kukosa adabu. Mwanangu naye hawezi kumwita mama yake mzazi kwa jina, hata akiwa ndani ya nepi. Kwa hiyo mtoto anaitwa Bibi. Asubuhi walitangaza dirishani kwamba Bibi kajikojolea tena. Jirani yetu fundi viatu tangu hapo ananiangalia kwa huruma.

Mchana nikabaki na mtoto peke yetu. Nikainamia kitanda, nikaita Mwanahamisi, polepole, kama dada alivyokuwa akiniita. Mtoto kalala fofofo. Aliyeitika abee ni mimi. Nikalia kidogo, nikafuta macho kwa lile shuka.

Ijumaa, 14 Machi
Dawa nimeipata. Wiki ijayo ni kliniki ya chanjo. Nesi pale huita majina kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. Nimejitolea kumpeleka mtoto ili mama yake apumzike. Wote wamenishukuru, wanasema nina roho nzuri.

Nitakaa benchi la nyuma kabisa. Akiita mara ya kwanza, sitasikia.