Fimbo ya Chupa Sita

Jumatatu, 2 Novemba 1936. Buguruni.
Leo nimegundua jambo! Nilikuwa kwa Mwishehe mhunzi, napumzisha goti langu bovu. Kaishika chupa iliyoyeyuka motoni, kaivuta kwa koleo. Kikatoka kiuzi cha kioo, chembamba kuliko unywele. Nikakizungusha kidoleni. Hakikuvunjika! Nikakining'inizia ufunguo wa mlango. Kimebeba! Nimekileta nyumbani, nimekitundika mlangoni na ufunguo wake. Hesabu sikusomea, lakini hii nyepesi. Kiuzi kimoja, ufunguo. Fimbo ni viuzi elfu. Itanibeba mie, mke wangu Tunu, na mbuzi juu.
Jumapili mpwa wangu Mwanaheri anaolewa. Wakwe, wageni kutoka Msasani wasiotujua kwa sura, watamvika mjomba kilemba. Mjomba ni mie. Watanikuta na fimbo ya kioo!

Jumatano, 4 Novemba.
Gaspar mchonga vinyago, jirani na mtani wangu, kanicheka mpaka kakaa chini. Ati kitu chembamba hakina pa kuficha ufa, kinene kinaficha tele. Yeye kayaona kwenye magogo. Nikamwambia gogo ni gogo, bwana, nyie Wamakonde mnajua kugonga tu. Tumewekeana dau. Fimbo ya kioo ikihimili, ananichongea kiti. Ikivunjika, anachukua fimbo yangu ya mpingo. Kaondoka nayo kabisa, ati asije akanihurumia. Maskini!

Ijumaa, 6 Novemba.
Tayari! Chupa sita. Kijani, inang'aa, nene kama kidole gumba. Mwishehe kasema niende nayo polepole. Wivu. Tunu kauliza nimeijaribu? Kitu cha heshima hakijaribiwi.

Jumapili, 8 Novemba.
Wakwe wakafika. Nikagonga sakafu mara moja tu, watu wanyamaze. Paa! Nimebaki na kipande kama nimeshika tango. Goti likaniacha. Nikamdaka Gaspar begani, yeye aliyekuja kula pilau, na fimbo yangu ya mpingo mkononi. Yeye kanyooka, mie nimepinda. Mzee wa Msasani katutazama, kamvika kilemba Gaspar! Vigelegele! Nikafungua mdomo. Gaspar kaninong'oneza: sema, nami nisogee kidogo uanguke? Nikafunga mdomo.

Jumatatu, 9 Novemba.
Gaspar kapita na kilemba changu na fimbo yangu. Ati nimpe shikamoo, yeye ndiye mjomba. Mie natembelea mchi wa Tunu, naye anaudai atwange.
Nimewaza, kosa nimelijua. Fimbo ilikuwa nyembamba! Tunu kanionyesha mlangoni: ufunguo bado unaning'inia kwenye kile kiuzi. Ndiyo nasemaga mie! Kama unywele tu umebeba wiki nzima...
Mwishehe nimeshamwagiza nyingine. Chupa ishirini. Nene kama mguu wa kitanda.