Doa Langu Mlilolifua

Lick Fork, Kentucky
Jumatatu asubuhi, mtoto amelala

Kwa Bi. Ordella Stidham,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mfarishi wa Viraka,
Kanisa la Methodisti, hapa hapa bondeni.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mikono yako safi kama siku zote. Mimi ni Tawny, mke wa Dwight Sizemore, mimi ndiye uliyeniambia mbele ya watu kwamba mishono yangu inakwenda kama mbuzi mlevi. Sikukasirika. Nilicheka na wenzangu.

Ulitangaza kila nyumba ilete kiraka kimoja kinachosema habari ya maji yake, tuviunge viwe mfarishi mmoja, tuutundike mahakamani Alhamisi hii, wakuu wa kaunti watakapokutana humo kupiga kura kama watatubadilishia mabomba au la. Mimi si mtu wa maneno, shule niliiachia darasa la kumi. Nikakata mgongo wa gauni jeupe la mwanangu Josie, lililofuliwa kwa maji ya bomba mara nne tu, likapata doa la rangi ya chai, pana kama sahani. Nikapinda kingo, nikaleta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlilifua doa. Najua, washonaji wa bonde hili hatuungi kitambaa kabla ya kukifua, kisije kikanywea baadaye. Lakini dada yako Bi. Nolene alikiloweka kiraka changu kwenye maji ya siki siku mbili, akakisugua, kisha akanishika bega kwa huruma: "Usione haya, mwanangu. Hata mimi nilipokuwa mzazi mchanga nguo zilinishinda." Nashukuru sana. Kumbe siku zote kilichochafua maji ni uvivu wangu.

2. Maji ya bomba yalipomshinda, akachukua magaloni ya maji ya msaada, yale tunayoyapangia foleni tuchanganyie maziwa ya watoto. Yaani maji safi tuliyo nayo yametumika kufuta ushahidi kwamba hatuna maji safi. Kazi kama hiyo kampuni ya maji hutafutia mawakili. Ninyi mmeifanya kwa kujitolea, na keki mkala.

3. Pale palipokuwa na doa mmetarizi bata. Anaogelea, anatabasamu. Dwight alipomwona akasema, "Mke wangu, bata huyu anakaa kaunti gani? Tufunge mizigo tuhamie."

4. Kwa kuwa Kamati ina kipaji hicho, naomba ije kwangu imloweke na Josie, hapa shingoni, panapomtoka vipele kila nikimwogesha. Jana alijikuna mpaka damu. Mkitoka hapo, yalowekeni na mabomba. Yakitakata, hakuna haja ya kikao. Wakuu wakavue samaki, na wale wanaougua tumbo waambieni wajitarizi bata.

Ninachodai basi ni kidogo. Fumueni kiraka changu mnirudishie, na pale pabaki tundu. Mkuu yeyote akiuliza tundu ni la nini, mwambieni hapo palikuwa na ukweli, ukapotelea kwa dobi.

Sisemi haya kwa chuki, Bi. Ordella. Wakisema hapana, mfarishi utarudi kanisani kupamba ukuta. Mimi nitarudi kwenye beseni na mtoto anayelia. Bado naamini watasema ndiyo, ila nilitaka waone nilichokiona mimi.

Nisalimie Bi. Nolene, Mchungaji na mkewe, kina mama wote wa sindano, na mumeo, mgongo wake upone upesi.

Ni mimi mwenye heshima na mishono mibaya,
Tawny Sizemore

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Josie anabatizwa Jumapili. Gauni la ubatizo ni lile alilobatiziwa bibi yake Dwight, na mama mkwe alinikabidhi kwa mikono miwili. Jana nililisuuza tu, litoke harufu ya sanduku. Limetoka rangi ya chai, mbele na nyuma. Dwight anasema hilo ndilo la kutundika mahakamani. Siwezi. Tafadhali muulize Bi. Nolene alitia siki kiasi gani, au nimletee leo leo alifue mwenyewe. Na ajitahidi, lisibaki hata alama moja. Watu watapiga picha.