Nusu Aliyoondoka Nayo Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kuna mkono wa mtu kwenye kompyuta ya nyumbani. Asubuhi nimeiwasha, nikakuta gari jekundu mahali pa picha yangu ya kitambulisho. Pia kuna mchezo mpya wa karata. Mke wangu anasema hajui. Shemeji, mdogo wake, fundi simu anayekula kwetu kila siku, naye anasema hajui, na amesema haraka mno. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu wiki ya pili sasa, hakuulizwa. Mama mkwe haulizwi.

Niko masjala mwaka wa kumi na tisa. Mafaili yote ya ofisi yanapita mikononi mwangu na hata moja halijawahi kupotea. Iweje nyumbani kwangu kila mtu ajifungulie tu anavyotaka? Nimechukua hatua. Kuanzia leo msimamizi wa kompyuta ni mimi peke yangu. Wengine ni watumiaji wa kawaida. Wataandika, watasoma, watatazama picha. Lakini kuweka programu au kubadilisha chochote, mpaka neno la siri la msimamizi, na hilo ninalo mimi. Nimeliandika kwa kidole kimoja, nikitamka kila herufi ili nisikosee. Kompyuta ikataka nilirudie. Nikalirudia vilevile.

Mke wangu akauliza itakuwaje akihitaji kitu nami niko bafuni. Nikamwambia usalama kwanza, raha baadaye.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeitwa mara tisa. Saa ya kompyuta imekwenda mbele: neno la siri. Programu ya mke wangu ya kuchorea nguo inataka kusasishwa: neno la siri. Mara moja nimetoka bafuni na povu masikioni. Mara ya tisa ni Shemeji, eti anataka kuweka kitu cha kuongeza kasi. Akasimama nyuma yangu nikiandika. Karibu mno. Anapumua kwa pua, yule.

Nikiwa mezani wazo likanijia. Neno liwe nusu mbili, kama kabati letu la ofisini lenye kufuli mbili na watu wawili wenye funguo. Nusu yangu, nusu ya mwingine, na hakuna wa kufungua peke yake. Mwingine nani? Mke wangu atamwambia mdogo wake. Shemeji ndiye mshukiwa. Akabaki Mama mkwe. Nani ndani ya nyumba hii anaweza kumbana Mama mkwe amtajie kitu? Hakuna. Nikajipongeza.

Nilimwomba kwa heshima zote. Akavaa miwani, akakaa kwenye kiti cha kompyuta, kile cha mbao alichotuzawadia yeye mwenyewe tulipooana, ambacho mguu mmoja hulia ukijitikisa. Nikaandika nusu yangu, herufi kwa herufi, kisha nikageukia ukuta. Mkweo humsimamii kichwani. Nikasikia vitufe, polepole. Tukarudia mara ya pili. Akasema tayari, baba.

Shemeji akaja tena na kitu chake cha kasi. Nikamwambia akamwombe mama yake. Ameondoka bila kumaliza chai. Siku njema sana.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Asubuhi Mama mkwe ameondoka kwenda kwa binti yake mkubwa, safari ya kutwa nzima. Nimembebea mkoba hadi kituoni. Sikuona tatizo lolote.

Saa nane printa mpya ya mke wangu ikafika. Mke wangu ni mshonaji. Amepata kazi ya sare thelathini za chuo cha wauguzi, kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na michoro yote ya kukatia vitambaa imo kwenye kompyuta. Jumatatu mkuu wa chuo anataka kuona sare tano za mwanzo. Zisipokuwepo, kazi inakwenda kwa mshonaji wa ng'ambo ya barabara, yule anayetuchekea kila akituona. Tukaunganisha printa. Kompyuta ikadai neno la siri la msimamizi. Mke wangu akanitazama. Nikamjibu kwamba suala linashughulikiwa.

Jioni nikatoka uani kumpigia Mama mkwe. Salamu zikachukua dakika kumi. Nikauliza hali ya miguu yake, ya wajukuu, ya barabara. Mwishowe nikajikaza nikamweleza. Akacheka. Akasema hakuweka kitu kigumu. Aliweka kitu ambacho hata asipokuwepo tena duniani mimi nitakijua tu: tarehe niliyofika kwake mara ya kwanza kumwomba binti yake. Siku, mwezi, mwaka. Hiyo, akasema, hana haja ya kunitajia.

Nikasema kabisa, mama. Nikakata simu.

Siijui.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimedamka kukumbuka. Ilikuwa mvua. Nilivaa tai ya kuazima. Nikakaribishwa kiti, nikakaa, kikavunjika. Siku bila shaka ni Jumapili. Mwaka nina hakika nao, au ni ule uliofuata. Nimejaribu Jumapili saba. Kompyuta ikaniambia nisubiri nusu saa. Nikasubiri palepale, kiti kikilia chini yangu. Jumapili tatu zaidi. Subiri tena. Nikachelewa kazini.

Kumuuliza mke wangu? Thubutu. Atajua nimesahau. Na kuna jambo jingine: mbona hanisumbui? Mwanamke ana printa iliyolala na siku nne tu mkononi, nimerudi jioni namkuta anapiga pasi huku anaimba. Kuna kitu hapa.

Nikamvizia Shemeji. Wakati ule alikuwa mtoto wa miaka minane. Nikamwambia ninaandika historia ya ukoo. Akasema anakumbuka kishindo tu, nilivyokwenda chini na kikombe mkononi, na mama yake alivyokimbilia chumbani kucheka. Nikauliza kama anakumbuka ilikuwa lini. Akauliza kwa nini. Nikasema basi, yaishe. Akatabasamu. Kwenye orodha ya washukiwa nimemweka nafasi ya kwanza na ya pili.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimekumbuka nikifunga viatu: siku ile niliomba ruhusa kazini, nikisingizia jino. Kwa hiyo haikuwa Jumapili. Kumi nzima zimekwenda bure. Lakini barua ya ruhusa lazima imo kwenye faili langu binafsi, masjala, ambako ni mimi ninayetunza.

Faili halipo. Nikafungua daftari la kutoa na kupokea, damu imenichemka, nijue nani kalichukua. Limechukuliwa miaka minne iliyopita. Sahihi ni yangu.

Nikarudi nyumbani nimepiga moyo konde, nikaseme ukweli. Nikafungua mlango. Karatasi sakafu nzima: mikono, kola, migongo ya sare. Printa inanguruma. Mke wangu amepiga magoti na mkasi, Shemeji anamshikia kitambaa. Nikauliza nani amefungua kompyuta. Mke wangu akasema yeye, tangu jana nilipokwenda kazini.

Akainuka, akapindua kiti cha kompyuta. Chini ya ubao, kwa penseli, mwandiko wa marehemu baba yake: Kimevunjwa na mkwe wetu, Alhamisi, 21 Februari 2008. Siku tatu nimeikalia ile tarehe. Na mzee aliandika mkwe wetu siku ileile, ilhali mimi jibu nililisubiri miezi mitatu, nikakonda.

Mke wangu akasema mama yake alimpigia Jumatano usiku, akamweleza huku anacheka kwamba nusu yake ni tarehe ya siku ile, na hata bila kiti angeijua. Alikuwepo. Ndiye aliyemimina ile chai. Alikuwa anangoja tu nimuulize, na kila nikitoka uani na simu alijisemea labda sasa. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Niliona haya hadi shingoni.

Lakini nusu yangu je? Hilo nililiuliza. Wakatazamana. Shemeji akakohoa. Mke wangu akasema nusu yangu hata jirani anaijua.

Jirani. Nimemwongeza kwenye orodha.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Sare tano zimening'inia sebuleni, nyeupe, safi. Mke wangu anashona ya sita, anaimba. Nimefurahi, nasema kweli.

Sasa usalama. Nimefunga madirisha kwa sababu ya jirani. Nikaandika nusu mpya, herufi kwa herufi, kwa sauti ya chini. Mara ya pili nilipaza kidogo, maana cherehani ilikuwa inapiga kelele na sikujisikia. Upande wa pili wa ukuta mtu akapiga chafya. Ushahidi huo.

Nusu ya pili nimempa mke wangu, tusirudi tena kwenye mambo ya simu. Akaketi, akaandika, mimi nikitazama ukuta. Akasema ameweka tarehe nyepesi, siku aliyoniambia ndiyo. Akauliza kama naikumbuka. Nikamwambia bila shaka.

Alipokwenda jikoni nikapindua kile kiti. Kisha nikapindua viti vyote vya nyumba hii. Havijaandikwa kitu.