Wanga kwenye Joho la Mchungaji

Jumanne, 4 Juni

Na ndoo ikamwagika. Yote! Kwenye viatu vya bosi. Nilisikia hatua mlangoni nikajua ni Mchungaji, nikaanza kudeki mbiombio kama mtu mwenye moyo wa kutumika. Kumbe bosi. Kaniuliza tangu lini mpiga pasi anadeki. Sikujibu. Mimi huwa sijibu. Ndiyo maana hapa kwa dobi wananiita Bubu.

Lakini jina hilo linakufa wiki hii! Juzi kanisani Mchungaji katangaza anatafuta kiongozi wa vijana. Hataki hotuba wala kura. Atapita makazini kwetu bila taarifa, aangalie. Kasema kiongozi wa Kikristo ni yule ambaye akiwepo, wenzake wanakuwa watu wazuri zaidi, hata kama wanafua soksi. Wanafua soksi! Alikuwa ananisema mimi kabisa. Uongozi bila kuongea! Nusura nipige vigelegele, ila naona haya.

Adui ni mmoja. Sabuni, kijana anayefua. Mdomo wake haujawahi kupumzika. Naye anautaka uongozi, kasema mwenyewe mbele za watu.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa kwanza: Biblia wazi juu ya meza ya pasi, imetazama dirishani, anayepita aione. Mvuke umekunja kurasa zote za Zaburi. Sabuni alivyoona hivyo akaanza kuimba mapambio mpaka beseni linatikisika. Mwizi wa mipango!

Halafu Mama Pasi. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Jana kaungua kiganja, leo anapiga pasi kwa mkono wa kushoto, anaguna. Mbele yake rundo la mashuka ya hoteli. Bosi kamwambia yasipoisha leo, kesho asirudi. Ana wajukuu yule mama. Sasa mtu akiguna hivyo pembeni yako, utawaza mpango saa ngapi? Nikamvutia kiti, nikalihamishia rundo kwangu. Akaniuliza, "Na kazi yako je, mwanangu?" Nikaonyesha kiti kwa kidole. Akakaa.

Sabuni akanyamaza. Kaja kushika ncha za mashuka, tunakunja pamoja. Ananipeleleza! Tumemaliza jua limezama. Siku nzima ya mpango imepotea hivihivi.

Alhamisi, 6 Juni

Mashuka yamekwenda, Mama Pasi yupo. Bosi kaleta dawa ya kuungua, kaiweka mezani bila kumtazama mtu, kama vile imeanguka yenyewe. Sabuni ndiye kampaka. Wamekuwa watu wa ajabu hawa. Nikataka kuwaza wana nini, nikaacha. Nina mambo makubwa. Mke wa Mchungaji kaleta joho la ibada ya Jumapili. Liko mikononi mwangu!

Ijumaa, 7 Juni

Wanga! Huu wa kukazia nguo, nimekoroga mzito kama gundi. Joho la mtu mwingine linapata kikombe, hili limepata sufuria. Akilivaa atauliza fundi ni nani huyu. Nilipomaliza pasi likasimama lenyewe sakafuni. Mama Pasi kaingia, akalikaribisha kiti.

Ila balaa. Wakati nakoroga stoo, Mchungaji kapita! Kaongea na Sabuni, tena kwa kirefu, akaongea na Mama Pasi. Nilichungulia kwenye tundu la kitasa. Mikono ya Sabuni inaruka hewani, anajimwagia sifa. Nikasema nitoke nimsalimie Mchungaji. Nikarudi kwenye sufuria.

Nyumbani shangazi kauliza mbona sili. Nikamwambia nafunga. Akafurahi sana, akala na sahani yangu.

Jumapili, 9 Juni

Mungu ni mwema! Naandika haraka, nimejificha chumba cha viti, nyuma kabisa ya kanisa.

Mchungaji kaingia ibadani kama kabati linalotembea. Kila hatua, kwaruu, kwaruu. Ilipofika kuwabariki watoto akainua mikono. Ikaishia kiunoni! Kwaya nzima ikaangalia chini, mabega yanacheza. Mimi nyuma ya kilemba cha shangazi. Nikasema basi, nitakufa na jina langu.

Kisha akatangaza. Kasema alipofika kwa dobi alimuuliza Sabuni ni nani kati yao anawavuta wenzake. Na Sabuni, kwa mdomo ule ule, kamjibu, "Ni Bubu. Alichukua rundo la Mama bila kuambiwa, sisi tukaona aibu tukamfuata. Mpaka bosi." Mama Pasi akasimama pale kwenye benchi, akainua mkono wenye bandeji. Watu makofi! Wananiita Kiongozi! Shangazi analia, anawaambia hata wasiomjua kwamba huyu ni wake.

Mimi nilielewa palepale. Ni wanga. Mtu hawezi kuvaa kazi kama ile akachagua mwingine. Hayo ya mashuka sijui yametoka wapi. Na Sabuni kunisifia, hiyo ni njama, nitamchunguza.

Halafu Mchungaji akasema kiongozi mpya aje kwenye maikrofoni afunge kwa sala. Maikrofoni! Jumapili ile hakuitaja! Nikakimbia.

Sasa wako mlangoni. Sabuni ananibembeleza, "Toka ndugu yangu, nitasimama na wewe pale, tutaomba wote." Mtego huo. Mchungaji kataka kuingia mwenyewe, mlango ni mwembamba, joho limekwama. Nusu yake iko ndani, ananitabasamia.

Nimeshapata mpango. Kesho yanakuja majoho ya kwaya, na wanga upo nusu gunia. Yakisimama kama ukuta, nani ataniona nyuma yake? Lazima niondoke sasa. Sabuni anamsukuma Mchungaji kwa nyuma, joho limeanza kulegea, na dirisha nimeshalifungua.