Sufuria Iingie Kwanza

Jumatatu, 3 Novemba

Kabichi hazijaletwa! Miaka yote, ikifika wiki ya kwanza ya Novemba, ua wetu hapa Wonju haupitiki kwa kabichi. Mia moja, mia na ishirini, na Mama katikati na glavu zake nyekundu, anazitia chumvi. Leo ua mtupu. Nikamuuliza kulikoni, wakulima wamegoma? Akasema, huku ananimenyea tufaha, kwamba mwaka huu hafanyi kimchi, zile kabichi za kuchachusha tunazokula mwaka mzima. Yeye na Baba wanahamia Solbat, yale makazi ya wazee kule chini ya mlima, yenye wapishi, wauguzi na bafu kubwa la maji moto. Wameshajiandikisha. Tangu Agosti.

Agosti! Ninaishi nao nyumba moja, ninalala ghorofa ya juu yao, na sina habari. Baba akasema waliniambia mara tatu, nami nikaitikia "mm" huku macho yangu yako kwenye baseboli.

Nikawauliza, sasa nani atawatunza huko? Wakatazamana. Baba akainuka kwenda kuanua nguo zangu.

Nina miaka hamsini. Umri mbaya sana wa kuachwa yatima.

Jumanne, 4 Novemba

Nimempigia dada yangu Geum-ran kumpasha habari za kusikitisha. Kumbe ndiye aliyejaza fomu! Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Mtoto wa mama, safari hii utajifunza kuwasha jiko." Nikamwambia jiko ninalijua vizuri sana. Akauliza liko upande gani wa jikoni. Nikakata simu, maana kuna maswali ya kumdhalilisha mtu.

Uamuzi: hawahami. Ila nitawasaidia kuhama kwa moyo wote, ili pasiwe na wa kunishuku.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimewapeleka Solbat kutazama chumba. Nimechukua daftari la kuandika kasoro. Kasoro ya kwanza: ukumbi mrefu mno. Kasoro ya pili: misonobari inadondosha majani. Halafu tukaitwa kula, na kwa saa nzima sikuandika kitu. Supu ya mbavu! Mbavu zenyewe zinaachia mfupa ukizitazama tu. Nikala sahani yangu, nikamalizia ya Baba. Baada ya hapo nikakalia kiti cha umeme cha kukanda mgongo, kwa ajili ya uchunguzi. Nikazinduka saa tisa.

Msimamizi, Bi Seol, akanijia kwa upole, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza kama magoti yananisumbua kwenye ngazi. Eti vyumba vya chini bado vipo. Alidhani mzee anayehamia ni mimi! Nikamwambia mimi ndiye mtoto. Akainama mara mbili kuomba radhi, akasema ni kweli, maana hapa hawapokei mtu chini ya miaka sitini.

Kasoro ya tatu: taa zao mbovu. Zinamzeesha mtu.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo mtaa mzima malori. Kwa kalenda ya mwezi ni tarehe kumi na tisa, na kila tarehe inayoishia na tisa au sifuri pepo wabaya wanakuwa wamepanda mbinguni, basi nusu ya Wonju inahama. Mama ni mtu wa tarehe hizo. Hata kabati hasogezi siku ambayo pepo wako mjini.

Hapo hapo nikapata wazo. Safi sana, mpaka nikajipongeza kwenye kioo.

Nyuma ya duka langu la miwani kuna Mzee Baek, mpiga falaki. Ndiye anayempangia Mama siku tangu zamani. Nikamwendea na boksi la matufaha makubwa, yale ya zawadi, kila moja na kikoti chake cha sponji. Nikamweleza unyonge wangu wote. Wanakwenda kuoga maji moto kila siku, nikamwambia, wanakula mbavu, wanakandwa migongo kwa umeme, na mimi je? Nikamkumbusha kwamba Mama ni wa mwaka wa nguruwe na Baba wa mwaka wa jogoo. Haiwezekani ikawapo siku njema kabla ya Aprili, au siyo? Mzee Baek akauma tufaha, akafumba macho, akasema shauri la nguruwe na jogoo ni zito. Lingeweza kufika hata Mei.

Tumeelewana kama watu wazima.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilimshauri Mama mwenyewe aende kwa Mzee Baek, ili aone hamna mkono wangu. Amerudi anatabasamu. Siku imepatikana: Jumanne, tarehe 18!

Nikauliza, na nguruwe je? Mama akasema Mzee Baek ametafuta sana, na miaka kumi na miwili hii nguruwe hajapata siku nzuri kama hiyo.

Nikatoka mbio na ndala. Nikamkuta Mzee Baek amepiga magoti sakafuni, anafunga vitabu vyake kwa kamba. Ukutani misumari mitupu. Akanieleza bila hata haya. Alisema, "Bwana Ma, ulivyolalamika siku ile, mate yalinitoka." Nilipotoka tu alipiga simu Solbat. Amepata chumba ghorofa moja na wazazi wangu. Anahama tarehe 18, lori lake lina nafasi, watachangia.

Na matufaha yangu? Akasema yalikuwa matamu kiasi.

Jumapili, 16 Novemba

Siku ya kufunga mizigo. Geum-ran amekuja na stika. Njano ni za Solbat, bluu ni zake, nyekundu ni za kutupwa. Kufika saa nne fimbo zangu za kuvulia zote zimebandikwa nyekundu. Nikazibandua, nikazibandika njano. Akarudisha nyekundu. Baba akasinzia kwenye kochi, alipoamka ana nyekundu mgongoni. Kila mmoja akasema si yeye. (Nilikuwa ninamlenga Geum-ran.)

Vita kubwa ikawa friji ya kimchi. Geum-ran akaibandika bluu. Nikasema friji hii haitoki, imekula kimchi yangu miaka kumi na mitano. Mama akaamua: friji iende kwa Geum-ran, kwa sababu ndiye atakayefanya kimchi. "Au utafanya wewe, mwanangu?" Aliuliza kwa dhati kabisa, si kwa kejeli, na hilo ndilo lililouma.

Kitu kimoja tu hakikubandikwa: sufuria ya umeme ya wali. Geum-ran alitaka kuiwekea stika, Mama akampiga kofi dogo la mkono. Hiyo mniachie mwenyewe, akasema.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeamka na jibu! Sufuria!

Mama hajawahi kuingia nyumba mpya bila sufuria ya wali kutangulia. Kabla ya vyombo, kabla ya watu, sufuria. Walipohamia nyumba hii, mwaka wa 1979, Baba alisimama nje ananyeshewa mpaka sufuria ilipopatikana kwenye mzigo. Kwa hiyo bila sufuria hakuna kuingia Solbat, na bila kuingia hakuna kuhama. Tarehe nyingine za pepo kuondoka malori yote yameshakodiwa. Chumba atapewa mwingine. Nitawafariji wazazi wangu hapa hapa nyumbani, kwa supu atakayopika Mama.

Nimeiviringisha blanketi, nikaitia ndani ya friji ya kimchi. Nani afungue friji ya kimchi mwaka usio na kimchi?

Nimelala mchana kwa raha.

Jumanne, 18 Novemba

Niandike yote, hata yanayoniaibisha.

Lori limefika saa mbili. Mzee Baek ameshakaa mbele karibu na dereva, kashika tundu la ndege wake. Mizigo ikapakiwa. Mama akaingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Sufuria haipo. Akaketi kizingitini na koti lake jipya. "Siondoki mpaka sufuria ipatikane."

Nikasaidia kutafuta kwa nguvu zote. Nikatafuta bafuni. Nikatafuta juu ya paa. Saa nne ikafika. Dereva akaanza kutazama saa, Baba akavua viatu. Nilikuwa ninashinda! Nikaanza hata kuwashushia masanduku, nikisema kwa huzuni kwamba basi tena, labda haikupangwa.

Nikapita jikoni kunywa maji. Pale ilipokuwa friji pana mraba mweupe sakafuni.

Mume wa Geum-ran alikuja na gari saa moja na nusu. Mimi nilikuwa bado nimelala.

Simu ya Mama ikalia, naye huweka sauti ya juu kwa ajili ya masikio. Geum-ran akasema, tena mpaka barabarani wakasikia, "Mama, muulize huyo mtoto wako sufuria inafanya nini ndani ya friji yangu!"

Baba akanitazama. Dereva akanitazama. Mzee Baek akatoa kichwa dirishani, akasema kwamba kwa desturi basi sufuria imekwisha kuingia kwa Geum-ran, kwa hiyo inabidi wazee wakaishi huko. Geum-ran akakata simu. Kutoka kwa Geum-ran ni mwendo wa dakika arobaini. Alifika na sufuria kwa dakika ishirini na tano.

Nikakiri mbele ya wote. Nilisema nilitaka wasiende. Nilitaka kusema kwa ajili ya afya yao, lakini ikatoka hivyo tu, wasiende.

Mama hakunigombeza. Aliipokea sufuria, akaifuta kwa kiwiko cha koti jipya, akafungua kifuniko. Kwa ndani amebandika karatasi, herufi kubwa za kumwandikia mtoto wa chekechea: MCHELE KIKOMBE KIMOJA. MAJI MPAKA MSTARI WA KWANZA. BONYEZA CHEKUNDU.

Akasema huko Solbat ni marufuku kupika vyumbani. Hakuwa anaitafuta aende nayo. Alikuwa anaitafuta anipe mimi.

"Anayehama ni wewe," akasema. "Nyumba hii bila sisi ni nyumba mpya."

Akaniwekea sufuria mikononi, akanitoa nje ya geti, akanigeuza kwa mabega. Akalishika geti mwenyewe. Haya, tangulia. Nikaingia na sufuria katika nyumba niliyokulia, kama mgeni. Nikalia. Nikasema ni vumbi la mizigo. Mama naye akasema vumbi limezidi leo. Geum-ran akageukia ukuta. Baba akapiga honi ya lori ambalo si lake.

Halafu wakaondoka.

Jumatano, 19 Novemba

Nimepika. Sufuria ina sauti ya mwanamke, Mama alikuwa ameizima, mimi sijui kuizima. Ikasema, wali umeiva, tafadhali ukoroge vizuri. Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Nikatazama kama kuna aliyenisikia. Hakuna, nyumba nzima hakuna.

Ulikuwa uji. Nilitia maji mpaka mstari wa mwisho, kwa kuwa mstari wa kwanza ulionekana bahili. Nimekula kwa kijiko. Nimemenya tufaha, likabaki dogo kama kidole gumba. Nguo zangu bado ziko kwenye kamba tangu juzi na zimenyeshewa.

Ninawakumbuka sana. Naandika wazi, daftari ni langu.

Jumapili, 23 Novemba

Nimewatembelea. Baba hakunisikia, alikuwa kwenye maji moto mpaka shingoni pamoja na Mzee Baek, wanabishana juu ya baseboli. Mama yuko mezani na akina mama watatu, anacheka ameziba mdomo. Sijamwona akicheka hivyo mwezi wa Novemba maisha yangu yote. Nikaitazama mikono yake. Haijachanika kwa chumvi. Miaka hamsini nimekula kimchi ile na sikuwahi kuitazama mikono.

Akaniuliza ninakula? Nikasema ninakula. Akanipima kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akaniambia Geum-ran ananisubiri Jumamosi, nikajifunze kutia kabichi chumvi. Akasema, "Sasa nimepumzika, mwanangu. Nawe umeshakaa kwako." Nikaelewa. Niandike hapa kwamba nilielewa kabisa. Nyumba ni yangu, mimi ni mtu mzima, wazazi wangu wana haki ya kupumzika, na mzigo walioutua ni mimi. Nilitoka mlangoni nikiwa mtu mpya.

Kisha ukumbini nikakutana na Bi Seol, akanitajia, katika mazungumzo tu, kwamba chumba 107 cha chini bado kiko wazi. Na jikoni harufu ya mbavu.

Mimi ni wa mwaka wa sungura. Wa 1975. Lakini kila miaka kumi na miwili sungura anarudi, na kabla yangu kuna sungura wa 1963, ambaye leo ana miaka sitini na miwili! Sitasema uongo hata nukta moja. Wakiniuliza umri nitajibu "sungura" na kunyamaza kwa heshima, waniangalie usoni wenyewe. Bi Seol alishaniangalia mara moja. Kitambulisho nitasema nimekisahau, wazee husahau. Mzee Baek atanishuhudia kwa maboksi mawili, safari hii matamu.

Nimenunua dawa ya kugeuza nywele ziwe nyeupe. Nyusi tayari. Za kichwa zimetoka rangi ya chungwa kidogo, lakini kwa taa zao haitaonekana.

Nimetazama kalenda ya mwezi. Ijumaa, tarehe 28, pepo hawapo. Geum-ran na kabichi zake watanisamehe. Nimefunga sanduku moja, fimbo za kuvulia, na sufuria, ambayo lazima itangulie kuingia. Najua vyumbani haziruhusiwi. Nimeshaona pale karibu na bwalo wana friji kubwa ya kimchi. Nitaificha humo.