Waziri Aibishia Dawa ya Kuyeyusha Damu

Ubishi ulianza na redio ya Tekla, pale anapouza chai karibu na stendi ya Haydom. Mtangazaji alisema kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa moyo, mradi mgonjwa awahi hospitali.

"Kamba hiyo!" akadakia Nikolausi. Tunamwita Waziri kwa sababu hana ofisi ila ana msimamo juu ya kila kitu. "Damu si samli, uianike juani iyeyuke."

"Wewe hata mkoa mpya uliubishia," akasema Gervasi, fundi baiskeli, mpinzani wake wa kila siku. "Ulisema Manyara ni ziwa, mkuu wa mkoa atakuja kuhutubia viboko."

Tukacheka. Gidabuday, mfugaji wa kijiji cha Dirma aliyemleta mkewe kulazwa hospitali ya hapo jirani, akaweka kikombe chini.

"Mimi nimepanda mabasi mawili kuifuata hospitali hii. Ninyi mnaiona hapo, mnaipita kama kichuguu."

"Sisi wenyeji hatuugui," Waziri akajibu, akijisugua kifua. "Kazi yetu kuwaelekeza wageni geti."

"Mbona unajisugua?" Gidabuday akauliza.

"Kiungulia. Maharage ya Tekla."

"Maharage yapi?" Tekla akamaka. "Leo umekunywa chai tu, tena hujaimaliza!"

Gervasi akamtazama vizuri. Upepo ulikuwa wa baridi, sote tumejifunika mashuka, lakini Waziri jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Mkono wa kushoto vipi?"

"Mzito kidogo. Toka asubuhi."

"Inuka twende. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Siendi! Siku hizi soko huria, kila mtu na..."

Maneno yakamfia mdomoni. Akainama.

Hakuna aliyecheka tena. Gidabuday akamnyanyua kama ndama, tukamlaza kwenye mkokoteni wa punda uliokuwa umeshusha vitunguu. Gervasi alikimbia pembeni amemshika mkono, anamtukana punda na kumwomba Mungu kwa pumzi ileile.

Hospitalini daktari akampima moyo kwa mashine, akauliza kama aliwahi kupata kiharusi au anatokwa damu popote. Kisha wakamtundikia dripu yenye dawa ileile ya redioni.

"Mmewahi," alituambia. "Mngemaliza ubishi kwanza, tungekuwa tunaongea mengine."

Tulikaa kwenye benchi nje. Chai ambayo Tekla alimletea Gervasi ikapoa mkononi mwake.

Kesho yake tukaruhusiwa kumwona. Alikuwa ameegemea mto, mnyonge, ila macho yamechangamka. Gervasi akasimama miguuni pa kitanda.

"Bwana, umenitisha. Tangu nikufahamu hujawahi kuishia katikati ya sentensi. Ulivyonyamaza pale, nikajua tumekupoteza."

"Nani alinyamaza?" Waziri akanong'ona. "Nilikuwa natafuta jibu."